Moto wa leo, kazi ya kesho

Kazi ngumu kuliko zote jikoni haihitaji kisu wala moto. Inafanyika saa kumi jioni ukiwa bado kazini au njiani, pale akili inapoanza kupekua: kwenye friji kumebaki nini, nani hali nini, maharage yalilowekwa au tulisahau, nani atafika nyumbani wa kwanza. Hakuna anayekuona ukiifanya. Ukifika na kuwasha jiko, watu wanasema ndiyo umeanza kupika, kumbe kichwani umeshapika nusu.

Ndiyo maana ushauri mwingi wa mapishi ya haraka haunisaidii. Unanifundisha kuandaa chakula ndani ya dakika 30, utadhani ninachokosa ni dakika. Ninachokosa ni uamuzi. Dakika zenyewe zinaanza saa moja na nusu usiku, kila mtu ana njaa, mmoja anagombana na hesabu za shule, mwingine anafungua friji kila baada ya muda kuona kama kuna jipya. Aliyeamua tangu asubuhi atapika kwa utulivu hata chakula cha saa nzima. Asiyeamua atahangaika hata na mayai.

Wapo wanaolimaliza tatizo hili kwa kupika Jumapili chakula cha wiki nzima. Nawaheshimu, ila siwaigi. Jumapili ndiyo siku yangu ya kupumzika, na sioni faida ya kuuchukua uchovu wa siku tano nikaurundika kwenye siku moja. Halafu kuna hesabu ya usalama ambayo wengi hawaipigi: chakula kilichopikwa hukaa vizuri kwenye friji siku tatu hadi nne. Cha Jumapili kinafika Jumatano, Alhamisi kwa kujikaza, na kilichobaki ilibidi kiwe friza tangu mwanzo. Na hata kikifika salama, kufikia hapo hakuna anayekitamani.

Ninachofanya mimi ni kidogo kuliko hapo. Moto ukishawaka kwa ajili ya leo, uifanye na kazi ya kesho. Simaanishi kupika chakula chote cha kesho. Kila chakula kina sehemu yake inayokwenda polepole na sehemu inayokwenda haraka, na ile ya polepole haijali inafanyika siku gani. Ukiitanguliza, jioni inayofuata inabaki sehemu ya haraka peke yake.

Chukua vitunguu. Karibu kila kitu ninachopika kwenye sufuria huanza na kitunguu na mafuta, na karibu kila maelezo ya mapishi hudanganya hapo hapo. “Kaanga vitunguu dakika tano mpaka viwe vya kahawia.” Haiwezekani. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji, na maji yakiwa bado yamo, joto la vile vitunguu haliendi mbali kupita nyuzi 100, kwa kuwa nguvu ya moto inaishia kuyageuza mvuke. Ile rangi ya kahawia, na ile harufu inayomtoa mtu chumbani aje kuuliza leo kuna nini, huja kwa kasi joto likikaribia nyuzi 140, pale sukari na vijenzi vya protini vinapoungana na kuzaa ladha ambazo kitunguu kibichi hakina. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeueleza mmenyuko huo mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kwa mpishi maana yake ni moja: kwanza maji yatoke, ndipo rangi ije. Ukiongeza moto ili uwahi, kingo zinaungua na katikati kunabaki kubichi.

Ukisimama hapo jikoni utaziona hatua zenyewe. Mwanzoni ni kelele tupu, maji yanapasuka kwenye mafuta na mvuke unapanda mpaka machoni. Kisha kelele inashuka, vitunguu vinalegea na kung'aa, na sufuria iliyokuwa imejaa inaonekana kama ya mtu mmoja. Hapo ndipo wengi tunatia nyanya, kwa sababu tumbo limeshaanza kulalamika. Lakini ukiacha moto wa wastani uendelee, kingo zinaanza kuwa za dhahabu na mwiko unaanza kunata chini. Mwagia vijiko viwili vya maji. Ule utando wa kahawia ulioganda chini ya sufuria unabanduka na kuingia kwenye vitunguu, na rangi yote inabadilika papo hapo. Acha tena vikauke, mwagia tena. Ni nusu saa ya kazi ya namna hiyo, na ukitaka rangi nzito kabisa hesabu dakika 45. Vitunguu vilivyojaza sufuria vinaishia kujaza bakuli dogo.

Nani ana dakika 45 Jumanne usiku? Hakuna. Lakini kuna jioni ambazo niko jikoni kwa vyovyote vile, nimekaa mezani na binti yangu akinisomea insha yake, na sufuria ya vitunguu haihitaji zaidi ya kugeuzwa kila baada ya dakika chache. Siku hiyo nakata vitunguu vingi, nalia mara moja kwa niaba ya wiki nzima, na bakuli linalopatikana naligawa: kidogo kinaingia friji, kingine nakigandisha kwa mafungu ya kijiko kimoja kimoja. Jioni ya haraka, fungu moja likiingia kwenye mafuta ya moto na nyanya juu yake, nyumba inanuka chakula kabla sijavua viatu vya kazini. Naona hapo ndipo tofauti ilipo kati ya chakula cha haraka na chakula cha kulipua.

Maharage ni habari nyingine, kwa sababu maharage hayabembelezeki. Huwezi kufika saa moja na nusu ukayaamua. Lazima yawe yamelala ndani ya maji tangu jana, na mimi huyatia chumvi kwenye maji ya kuyalowekea, jambo ambalo kila ninayemwambia hulipinga. Tulikuzwa tukiambiwa chumvi inayafanya maharage yawe magumu. Ukweli unaelekea upande mwingine. Ganda la harage limeshikanishwa kwa msaada wa kalisiamu na magnesiamu, na sodiamu ya chumvi ikipata muda wa kutosha huchukua nafasi ya sehemu ya madini hayo, ganda likalainika na kupikika bila kupasuka. Kinachoyazuia kuiva ni uchachu. Nyanya au ndimu ikiingia mapema, utachochea mpaka uchoke. Basi maharage yaive kwanza, nyanya zifuate.

Na hapa niseme jambo ambalo si la ladha. Maharage, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili inayoitwa lektini, na mtu anaweza kutapika sana kwa kula machache tu ambayo hayakuiva. Dawa yake ni rahisi: yaloweke angalau saa tano, mwaga maji ya kulowekea, kisha yachemke kwa nguvu, yakitokota kweli kweli, kwa dakika zisizopungua 10. Hatari iko kwenye vile vyungu vya umeme vinavyopika taratibu mchana kutwa. Baadhi havifiki joto la kutosha kuivunja hiyo sumu, na joto la uvuguvugu linaweza kuifanya iwe kali kuliko kwenye harage bichi. Ukiwa na chungu cha aina hiyo, yachemshe kwanza kwenye sufuria ya kawaida.

Mimi naenda na sufuria ya presha. Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa akiishi London, aliionyesha mbele ya wanasayansi wa Royal Society mwaka 1679, akisifia uwezo wake wa kulainisha hata mifupa, na baadaye akaiwekea vali ya kuachia mvuke ili isilipuke. Hesabu yake haijabadilika. Ndani ya sufuria iliyofungwa, kanieneo likifika mara mbili ya la kawaida, maji huchemka kwenye nyuzi kama 120 badala ya 100, na zile nyuzi 20 za ziada zinaligeuza jambo la saa moja na nusu kuwa la chini ya nusu saa. Maharage tu yasizidi nusu ya sufuria, kwa sababu povu lake hupanda na kuziba vali. Na kama moto umeshawaka kwa maharage ya leo, yanapikwa mara mbili ya tunayohitaji. Nusu inaondoka na maji yake kwenda friza, kwenye mfuko uliolazwa ukawa bapa. Kitu bapa huganda upesi na kuyeyuka upesi. Donge la duara, hata ukilitoa asubuhi, jioni utalikuta bado na jiwe katikati.

Wali unataka nidhamu yake. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini hawakuwa wanazungumzia wali uliosahaulika jikoni usiku kucha. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu, mbegu hizo huamka, bakteria huzaana, na wanaweza kuacha sumu ambayo kuupasha moto tena hakuiondoi. Kwa hiyo ile kauli ya “kipashe tu kitakuwa sawa” haina msingi hapa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, friji iwe chini ya nyuzi 5, na kikipashwa kipashwe mpaka katikati yake pazidi nyuzi 70. Wali wa kesho mimi huutandaza kwenye sinia pana mara tu tunapopakua, upoe kabla hatujamaliza kula, kisha unaingia friji. Na ukitumia maikrowevu kuupasha, simamisha katikati ya safari, ugeuze, kwa sababu mashine hiyo huacha maeneo ya baridi hata pale pembeni panapotoa moshi.

Faida ya wali uliolala kwenye friji ni kwamba wanga wake umekaza, punje zimeachana, na ukiukaanga na kijiko cha vile vitunguu pamoja na yai unakuwa chakula kamili, tena bora kuliko ungeukaanga ukiwa umepikwa sasa hivi. Wanga huo huo ukikaza ndani ya mkate ndio unaoufanya uchakae, na baridi ya friji huharakisha jambo hilo. Mkate ukae nje au ukae friza. Friji ni pabaya kwake kuliko pote, na sijui ni nani aliyetuzoesha kuuweka humo.

Haya yote ni ufundi, na ufundi una kikomo chake. Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora chumba cha jiko kwa ajili ya nyumba mpya za mji wa Frankfurt, Ujerumani. Alizihesabu hatua za mpishi, akapanga kila kitu kifikike kwa mkono, na chumba chote kikawa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Vilijengwa takriban 10,000, na majiko mengi ya kisasa yenye makabati yaliyopangwa mstari mmoja yamerithi kutoka kwake. Mwenyewe alikuja kukiri kwamba alipokuwa akikichora hakuwa mpishi wala hakuwahi kuendesha nyumba. Simlaumu, nia yake ilikuwa kumpunguzia mwanamke anayefanya kazi mzigo wa nyumbani. Lakini tazama vile vipimo. Chumba hicho kinamtosha mtu mmoja. Hatua zilipungua, na mtu wa pili hakuwa na pa kusimama.

Nyumbani kwetu nafasi ilikuwepo. Tatizo lilikuwa sentensi moja ambayo mume wangu aliitamka kwa nia njema kabisa: “Niambie tu nipike nini, mimi nitapika.”

“Ukishaambiwa,” nikamjibu, “kazi imebaki nusu, na uliyobakiziwa ndiyo nusu rahisi.”

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza siku yake iwe ipi. Tukakubaliana Jumatano. Si Jumatano ya kushika mwiko tu, bali Jumatano yote: kuangalia kilichopo, kuamua, kununua kinachopungua, kukumbuka kuloweka tangu Jumanne usiku. Ujumbe wa kwanza ulifika mchana, nikiwa kwenye kikao: “Kitunguu saumu kimebaki?” Nilijua kimebaki, najua hata kimekaa rafu gani. Nikaandika, “Angalia ukifika.” Kumbe kujizuia kujibu nako ni kazi, maana aliyeshika ramani ya jiko kwa miaka mingi hutamani kuelekeza hata pale anapolalamika kuwa anaelekeza peke yake.

Mume wangu anapika karibu kitu kile kile kila Jumatano, na watoto hawajawahi kuandamana. Hilo lilinifanya niache kuona aibu ya kurudia. Siku hizi wiki yetu ina fremu tu. Jumatatu ni maharage. Kama ni ya mchuzi, ya kupondwa au supu, hilo linaamuliwa sufuriani. Jumanne wali unakuwepo, wenziwe watatafutwa. Alhamisi hapikwi kitu kipya, vinaunganishwa vilivyobaki. Fremu haisemi tutakula nini, inapunguza maswali tu, na saa kumi jioni swali moja dogo linabebeka kuliko sita.

Watoto nao wana siasa zao. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, ana mgawanyo wa madaraka ambao ninaukubali kuliko ushauri mwingine wote wa ulishaji: mzazi aamue chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto aamue ale au asile, na kiasi gani. Ukiufuata, nusu ya ugomvi wa mezani unaisha, kwa sababu unaacha kuhesabu vijiko vya mwenzio. Nami huhakikisha pana kitu kimoja ambacho kila mmoja anakila, hata kikiwa wali mtupu, na sipiki chakula cha pili. Mdogo wetu alikuwa akichambua karoti kutoka kwenye mchuzi na kuzipanga ukingoni mwa sahani, moja moja, kwa utaratibu wa karani. Hatukusema kitu. Utafiti wa ulaji wa watoto unaonyesha kwamba chakula kigeni kinaweza kuhitaji kuonekana mezani mara 8 hadi 15 kabla hakijakubaliwa, na wazazi wengi tunakata tamaa kwenye ya tatu. Karoti aliyoila mwishowe haikuwa ya mchuzi. Aliinyakua mbichi kwenye ubao baba yake akiwa anakata, na akarudi kuchukua nyingine.

Kuhusu kula pamoja, sina ukali. Mwenye zamu ya usiku, au safari ndefu ya kurudi kutoka kazini, hawezi kuambiwa kwamba familia yake haijakamilika kwa sababu hayupo saa mbili usiku. Kwetu mlo ambao wote tunaupata ni wa asubuhi, robo saa, wengine wamevaa soksi moja. Mambo mengi ya maana nimeyasikia hapo, pamoja na lile la mwalimu aliyehama, ambalo jioni lisingesemwa na mtu yeyote.

Na kuna siku fremu nayo inaanguka: kikao kimerefuka, hakuna kilicholowekwa, kila mtu ana sura ya ukuta. Kwa ajili ya siku hizo kuna rafu moja ambayo haiguswi siku nyingine: mayai, kopo la samaki, mkate ulioko friza umekatwa tayari, na mfuko wa njegere za kugandishwa. Njegere hizo hugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, na kwa vitamini mara nyingi hazizidiwi na mboga iliyokaa siku kadhaa ikinyauka kwenye droo. Mayai yanakaangwa, njegere zinamwagiwa maji ya moto na kuchemka kidogo, mkate unachomwa, na chakula kiko mezani kabla mtu hajamaliza kuuliza. Sahani za kuosha zinakuwa chache, na katika nyumba yetu aliyekaanga mayai siku hiyo haoshi.